Ndege ya Mwanao

Babake Twaiba,

Wali na samaki nimekufunikia jikoni. Paka asije akakutangulia. Kuku waache, nitawafungia nikirudi.

Nimekwenda kiwanja cha ndege Ukunda, pale kwenye uzio unaposimama kila jioni. Darubini yako ninayo, usiitafute. Asubuhi mwanao alikuja kukuomba radhi aende zake kazini Doha, nawe ukajifanya umelala. Usingizi gani huo wa kupepesa kope? Ndege za watu unazitazama mpaka magharibi, ya mwanao unaipa mgongo!

~~Usinifuate.~~ Njoo, inaruka saa kumi na moja. Ameomba kiti cha dirishani, upande wa uzio, apate kukuona. Sasa mie, kwa kupunga mkono tu, nitamwelezaje kwamba babake amelala?

Mama Twaiba