Picha ya Mutu wa Ushuru Mwenye Manyoya

Mama Kampire mupendwa, mushauri wetu wa redio, nisaidie mbele harusi ya mutoto wangu ikufe, mi ni Bushira, nauzisha chai na mandazi karibu na mupaka, pa Petite Barrière, na bon, muzungu mumoja alikuwa anahama akaniachia picha ya zamani sana, mutu munene wa ushuru, nywele kama ya kondoo, wamemubandika manyoya ya kuku mwili muzima anakimbia, nyuma yake mama mumoja mudomo wazi anamumwangia chai na birika, mwalimu Verediane akanielezea ni ya wakati Amerika ilikuwa koloni ya Waingereza, watu wakakataa ushuru ya chai, wachoraji wakawa wanacheka wakubwa, donc nikaitundika juu ya mandazi, wateja wakauliza, "Huyu ni nani?" na mudomo wangu unaujua, nikasema, "Si Twahir wetu wa soko! Angalia tumbo!" yebabawe, watu walicheka mupaka chai ikawatoka puani, kumbe Twahir iko mulangoni, anakunywaka kwangu kila asubui mbele ya kuanza kukusanya ushuru ya soko, akageuka, sasa anakunywa chai kwa jirani.

Na Twahir ni mujomba ya Mudathiru mwenye kuoa binti yangu Uwingabire, ni yeye wa kusemea familia yao siku ya gusaba, ile ya kuomba bibi, amekataa, eti, "Siendi kuomba bibi kwa nyumba yenye imenifanya kuku." Mutoto hanisemeshi tena. Nifanye nini?

*

Bushira dada yangu, nimecheka, sikufichi. Alafu nikakasirika. Wale wachoraji walipiga wakubwa wenye kutunga ushuru. Twahir hakutunga kitu, anatembea na mvua na tiketi zake, na chai yako anailipa. We umemutundika kwa ukuta penye anakaa!

Usimutumie mutu wa kukuombea samahani kisirisiri. Ulimucheka mbele ya watu, utamuomba mbele ya watu. Kesho asubui beba picha, enda kwa jirani, ndiyo, kwa jirani, umwambie, "Muzee Twahir, nimekosa. Picha ni yako. Siku ya gusaba uje nayo, uelezee wageni kila mutu ndani yake ni nani."

Musemaji wa gusaba kazi yake si kuchokoza wakwe watu wacheke, mwisho apewe binti? Hatakataa silaha kama ile. Na akionyesha yule mama wa mudomo wazi na birika, aseme ni we, usiangalie jirani. Cheka wa kwanza, alafu simama umumiminie chai. Kwa kikombe.