Kifua Kilichopanda Kichwani

Hospitali, Iringa
Julai 1974

Mayu, mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, pamoja na mwanangu mdogo Ndalahwa niliyekuachia hapo Rujewa. Mimi mwili haujambo. Moyo ndio umechoka.

Kuhusu mgonjwa wetu, Shija: tulipofika hapa hakunitambua, shingo imekakamaa, anatapika kila anachoonja. Ulinionya nimwangalie sana mke mwenzangu Kashindye na mtindi aliompa Shija kabla hajaugua, nami njia nzima kwenye basi nilikuwa nikimchambua moyoni. Kwa nini alimbembeleza mtoto anywe? Kwa nini tulipoondoka alilia kuliko mimi niliyemzaa?

Daktari naye akanizidishia mashaka. Alimkunja mtoto, akamchoma sindano mgongoni, akatoa maji. Nilimwambia maji ya mgongo wa mwanangu si ya kuuza. Alicheka, kisha akasema ni TB, imeingia kwenye ubongo. Nikamwuliza kifua kikuu kinafikaje kichwani kwa mtoto asiyekohoa hata kidogo. Alinieleza, lakini mimi nilishajua ananidanganya. Sindano za kila siku nilizikodolea macho, na vidonge nilikuwa navionja kwanza mimi.

Basi, juzi Shija aliomba uji. Jana aliniita mama, ingawa jicho moja bado linakwenda kando.

Sasa nisikilize vizuri. Tangu siku ya kwanza daktari aliuliza nani anakohoa nyumbani, maana mtoto huambukizwa na mtu mzima anayeishi naye. Nilimjibu hakuna. Nilidhani anatafuta wa kumbebesha lawama. Leo asubuhi nimemwambia ukweli: kwamba wewe unakohoa tangu mavuno, kwamba unasema ni vumbi la mashine ya mpunga, na kwamba Shija alikuwa akilala kitandani kwako.

Sikulaumu, mama yangu, hukujua. Nalia ninavyoandika. Lakini sasa ni Ndalahwa anayelala nawe. Mtoe leo hii, akalale kwa Kashindye, na wewe uende hospitali wakapime makohozi yako. Dawa ipo, nimeiona kwa macho yangu.

Wasalimie wote. Kashindye msalimie sana, na tafadhali usimwambie tuliyokuwa tukimwazia. Mwambie tu namwomba anitunzie mtoto.

Ni mimi mwanao,
Kalista