Mikaratusi ya Mahari Juu ya Chemchemi

Mama Jokébed, nisaidie kabla ya Alhamisi, kwa maana Alhamisi wanajeshi wanapanda mlimani kuwafukuza watu, na aliyewaomba wapande ni mume wangu, na sababu anayotoa si ya kweli, na mimi ninajua kuwa si ya kweli ila sina mdomo wa kuisema.

Mume wangu, tumwite Xavier, ni mtu wa serikali, mzaliwa wa Kasai, aliletwa huku Kivu zamani za Zaire kulinda msitu wa hifadhi, na kazi yake ilikuwa kupita vijijini kati ya Beni na Butembo na kipaza sauti akiwaambia watu waache kukata kuni za hifadhi, wapande miti yao wenyewe, wapande mikaratusi kwa kuwa inakua haraka, na watu walimcheka, mpaka alipokuja kuniposa kwa baba yangu, mzee Vagheni, huko milimani upande wa Butembo, akaleta mbuzi wa mahari kama desturi yetu Wanande inavyotaka, na juu ya mbuzi akaleta miche ya mikaratusi kwenye makreti ya bia, akaipanda yeye mwenyewe kuzunguka chemchemi ya baba, suruali yake nzuri imejaa matope, na mama zangu wadogo wakaimba, na mimi nikaona haya na fahari pamoja. Baba akasema miti hiyo ni ya watoto wetu, siku moja itapasuliwa mbao imsomeshe mjukuu wake wa kwanza, ambaye sasa ni Joyeuse wetu. Baada ya harusi ile kijiji kizima kikaiga, kila familia ikapanda mikaratusi kandokando ya kijito, maana sasa ilikuwa miti ya heshima na pale penye maji ndipo ilipokua vizuri zaidi.

Kisha vita vikaja, vituo vya hifadhi vikaporwa, wenzake kadhaa wakauawa, Kinshasa ikawa ng'ambo ya mapigano na mshahara ukakatika, na wakubwa wapya wa huku wakampa idara ya umeme wa vijijini, yaani jina la idara na kiti kimoja. Mwingine angekaa kwenye kile kiti. Yeye alikwenda kwenye kiwanda cha kahawa kilichoachwa na wazungu, akakuta turbini ya zamani, mashine ya kufua umeme kwa maji, imeota kutu, akaifungua kipande kwa kipande pamoja na mafundi wa Butembo, wakaifunga kwenye kijito kilekile cha kwetu, na siku taa ilipowaka kwenye materinite ya kijiji mume wangu alilia mbele za watu, na mimi nikalia naye. Wanawake walizaa kwenye mwanga, Mama. Tulisahau kidogo kwamba tuko vitani.

Sasa maji yamekwisha. Turbini inazunguka mvua ikinyesha tu, na wakunga wamerudia taa za mafuta. Xavier anasema walioharibu ni wakimbizi, wale waliokimbia mapigano ya upande wa Ituri wakajenga vibanda karibu na chemchemi na kulima maharage, eti wao ndio wanaokinga maji yasishuke. Nilipopanda kumsalimu baba nikamkuta mmoja wao, Séphora, mjane mwenye watoto, anateka maji kwa kikombe pale ambapo sisi wasichana tulikuwa tukizamisha ndoo. Baba akanivuta pembeni akaniambia, "Mukwe yangu alileta miti, nilifurahi, na mupaka leo sina neno mubaya juu yake. Lakini ile kalitusi inakunywa maji. Chemchemi ilianza kukauka zamani, mbele hawa batu bafike."

Nikarudi Bungulu tunapokaa, nikamwambia mume wangu maneno ya baba tukiwa mezani. Hakukasirika. Aliacha kula akatazama mikono yake, ndipo nikajua kwamba anajua, na pengine amejua tangu zamani.

"Miaka yote niliambia batu, pandeni," alisema. "Sasa nirudi na ile kipaza sauti niwaambie nini? Mukate? Leta haiombaka pardon, mama Joyeuse."

Leta ni serikali, nayo haiombi msamaha, na kwa Xavier serikali ni yeye. Tangu siku hiyo tunasalimiana tu. Najuta kwamba nilisema, na najuta zaidi kwamba sikusema mapema, na kila nikikumbuka suruali ile yenye matope ninalia, kwa sababu alikuwa kijana mwema na bado ni mtu mwema, hajala cha mtu, kazi zake mbili alizifanya kwa moyo wote na sasa zimemgeuka. Nikisema kweli nitamuumbua mbele ya vijiji vyote alivyovihubiria. Nikinyamaza, Séphora na watoto wake watarudishwa kwenye risasi. Niseme, Mama, au ninyamaze?

Mama Joyeuse, Bungulu

*

Mama Joyeuse,

Barua yako nimeitanguliza kwenye kipindi hiki cha redio cha Jumanne kwa sababu Alhamisi haingoji, na majina yote nimeyabadili. Pole, tena pole ya moyoni. Mumeo alipanda kwa nia njema, akawasha taa kwa nia njema, na kazi ya kwanza ikaila ya pili. Hilo linasikitisha lakini si aibu. Aibu itaanza Alhamisi, mjane atakapofukuzwa kwa kosa la miti.

Sasa niache nikugombeze kidogo. Umeandika mengi juu ya heshima ya Xavier, lakini juu ya miti iliyozunguka chemchemi umepita mbio: ni yenu, na ndiyo karo ya Joyeuse. Umeniuliza useme au unyamaze. Hukuniuliza kama miti ikatwe, na nadhani hukuuliza kwa sababu jibu unalijua. Mumeo anakinga jina lake na wewe unakinga harusi yako, na nyote wawili mnamwachia Séphora mzigo. Usinikasirikie, mama, ila hivyo ndivyo nilivyosoma.

Fanya hivi. Leo akitoka bureau mwambie kwamba kesho unapanda kwenu kukata miti ya mahari, na kwamba unataka aje nawe. Usimwombe ruhusa, wala usimtukane. Njiani apite kwa komanda akaondoe ombi lake mwenyewe, maana ni yeye aliyelipeleka. Mkifika, baba yako aambiwe kwanza, kisha Xavier ashike shoka la kwanza mbele ya walewale waliomwona akipanda. Hotuba haihitajiki. Wakimwona analia mara ya pili, wataelewa, na wenye miti kule chini kwenye kijito watakuwa na pa kuanzia.

Akikataa, nenda na ndugu zako mkaikate. Na Alhamisi usisimame peke yako mbele ya bunduki: mwombe paroko na chifu wa kijiji wawe nawe pale chemchemini, useme mbele yao ulichoniandikia. Nafasi ya kwanza mpe mumeo, lakini usimpe ya pili.

Wewe ni mtoto wa huko, unajua mkaratusi ukikatwa unachipuka. Kwa hiyo msiangushe miti mkaenda zenu. Ng'oeni visiki. Séphora asogeze maharage yake mbali kidogo na chemchemi, na mbao za kwanza apewe yeye ajengee, watoto wake watoke kwenye vibanda. Maji hayatarudi wiki ijayo, huenda hata mwaka huu yasirudi, basi msiwaahidi wakunga lolote. Karo ya Joyeuse mtaihangaikia kama sisi wengine tunavyohangaika.

Na mumeo akikuambia tena kwamba Leta haiombaka pardon, mkubalie, usibishane. Kisha mkumbushe kwamba siku ile Leta haikuja kwenu. Aliyebeba miche kwenye makreti ya bia alikuwa kijana mgeni mwenye matope kwenye suruali, aliyetaka baba yako ampende. Huyo kijana anaweza kuomba msamaha. Mwambie yeye ndiye unayemngoja kesho asubuhi.