Fri kwa Mteremko wa Boito

Jumanne



Darasani kampuni ya chai inatufundisha sisi madereva wapya kushuka mlima na gia ndogo. Leo tukiteremka kutoka Boito na lori tupu, Mzee Langat, anayenifundisha barabarani, akaniambia, "Toa gia, kijana. Weka fri. Dizeli ikiisha haraka, ofisi itauliza wewe."

Nikaweka. Lori likaanza kukimbia lenyewe, kimya, majani chai yanapita huku na huku. Nilipokanyaga breki, pedali ilizama zaidi kuliko asubuhi. Nikamwambia.

"Hata Kiprono alikuwa anaogopa hivyo mwanzoni," akasema.

Kiprono ndiye alifundishwa kabla yangu. Nikamuuliza siku hizi anaendesha wapi. Mzee akageuka akaangalia dirishani, chini bondeni.

Ningekataa kuweka fri. Lakini yeye ndiye ataiambia ofisi kama nimepita mafunzo, na mimi naitaka kazi hii.

Kesho tunashuka hapo tena, lori limejaa majani, na wachumaji watakaa juu ya magunia kama kawaida yao. Mama ni mmoja wa wachumaji hao, na amefurahi sana kwamba naendesha. Amesema hatapanda lori lingine, atangoja langu.