Viatu Ulivyotushonea Ulipofungiwa Mbali

Ni mwaka mmoja sasa, Fundi, tangu ulipovua viatu mlangoni ukasema unajinyoosha kidogo kabla ya chakula, na hukuvivaa tena. Ilikuwa saa saba na robo mchana. Mkeo alikuwa amekwisha kupakua. Alikuita mara mbili akidhani unamfanyia mzaha, maana mzaha ulikuwa nao. Mara ya tatu akaja mwenyewe, mwiko mkononi.

Viatu vile bado viko pale pale. Binti yako alitaka kuvitia kwenye boksi avihifadhi, mkeo akamwambia, "Viache. Mwenyewe akivitaka atavitafuta wapi?" Havina vumbi. Kila asubuhi vinapigwa brashi, cha kulia kwanza, kama ulivyokuwa ukifanya wewe.

Mtaani hakuna aliyekuita kwa jina lako. Wakubwa kwa wadogo walikuita Fundi, hata mafundi wenzako. Ulimtazama mtu miguu kabla ya kumtazama uso. Hajamaliza kukusalimu, wewe umeshajua anakanyagia upande gani. "Mguu wako wa kushoto unaukwepa," ulimwambia karani mmoja. "Ulikukosea nini?" Mtoto aliyeletwa kwako na kiatu cha kumbana hukumrudisha nacho, ulikitanua hapo hapo huku mama yake akisubiri na kulalamika kwamba amechelewa.

Na kipimo chako kilikuwa mkono. Uliweka kiganja chini ya unyayo wa mtu, ukasema, "Shibiri na vidole viwili," ukaenda kukata ngozi. Nyumbani kwako watoto walipimwa hivyo tangu wanasimama dede. Rula ilikuwa ya hesabu za shule. Miguu ilikuwa na mkono wake.

Leo tunataka kukumbuka ile miezi mitano ya ugonjwa uliofunga miji, kwa sababu mwaka huu umefanana nayo sana.

Ulikuwa umeondoka kwa wiki tatu tu. Kila mwaka, kabla shule hazijafunguliwa, ulikwenda mji mkubwa kumsaidia rafiki yako wa ujanani kushona viatu vya wanafunzi. Wiki ya pili amri ikatoka: mabasi yasimame, kila mtu abaki alipo. Rafiki yako alibaki kwake na watu wake, upande wa pili wa mji. Wewe ukabaki karakanani kwake, chumba cha nyuma, godoro juu ya marobota ya ngozi, dirisha moja linalotazama ukuta. Mtu pekee uliyemwona ni mlinzi wa jengo. Mlikaa kila mmoja mwisho wake wa korido, barakoa usoni, na chai mlipeana kwa kuiweka sakafuni na kurudi nyuma. "Tunalishana kama paka," ulituambia.

Malori ya mizigo yaliruhusiwa kupita, watu hapana. "Mama watoto," ulisema siku moja, "ningekuwa gunia la vitunguu jana ningelala nyumbani."

"Ungekuwa gunia la vitunguu," mkeo akakujibu, "saa hizi ningeshakukaanga."

Mlicheka.

Ulipiga kila siku saa saba mchana. Habari za ugonjwa hukuziuliza, ulisema redio inakutosha. Ulisema neno moja: "Nipitishe." Basi mkeo alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, akakupitisha mtaani kwa maneno, nyumba kwa nyumba, bila haraka, maana akimruka mtu ulimrudisha. Ngazi zetu tatu, ya katikati imemeguka. Bomba la maji na foleni ya ndoo, zimeachiana nafasi kama watu walionuniana. Kinyozi, kiti chake amekigeuza kinatazama ukuta. Seremala. Mashine ya kusaga, ile iliyokuwa ikinguruma mpaka vikombe vyetu vinagongana kabatini, sasa imenyamaza. Ukuta wa shule wenye rangi mbili, kwa sababu rangi iliwaishia katikati. Mpera wa yule mwalimu mstaafu, ambaye wajukuu zako walimwibia mapera na wewe ukamwapia kwamba ni ndege. Mwisho kabisa, kibanda chako cha kushonea.

"Kufuli umelishika?"

"Nimelishika asubuhi."

"Lina kutu?"

"Kidogo."

"Lipake mafuta." Hapo ndipo ulipokuwa tayari kukata simu.

Mwezi wa tatu ulipoingia, siku moja ukasema, "Leo nijipitishe mwenyewe, wewe nisikilize." Ukaanza vizuri. Ngazi, bomba, kinyozi. Baada ya kinyozi ukanyamaza. Mkeo alisubiri, hakukusaidia, alidhani unakunywa maji.

"Baada ya kinyozi," ukasema, "ni duka la madaftari."

"Seremala, baba watoto."

"Seremala," ukarudia. "Aliyetutengenezea kitanda?"

"Huyo huyo."

Ndipo ukamwambia lile neno ambalo alilibeba moyoni muda mrefu. "Mama watoto, mtaa unanitoka. Jana nimeutafuta uso wa mjukuu wangu kichwani, nimeona viatu vyake tu." Siku ile hamkuendelea. Mkeo alibaki na simu mkononi mpaka ikapoa. Hakulia. Alikwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimekwisha kuoshwa.

Kesho yake ulipiga na sauti nyingine. Ulikuwa umejipatia dawa. Zilibaki ngozi nyeusi za viatu vya shule, na rafiki yako alikuruhusu uzitumie. "Nitawashonea nyote," ukasema. "Mkono wangu hausahau. Nipe vipimo."

Nyumba ikachangamka. Binti yako, mshonaji wa nguo, alikuwa amehamia nyumbani na watoto wake wawili tangu kazi zisimame, akacheka akasema yeye miguu yake haijawahi kukusumbua, chukua kipimo kile kile cha zamani, shibiri na vidole vitatu vya mkono wako. Waliobaki mkeo akawaketisha kwenye mkeka. Mjukuu wako wa kwanza, Mdadisi, alikuwa na miaka tisa. Mdogo wake tulimwita Kibogoyo kwa sababu meno ya mbele yalikuwa yametoka yote kwa mpigo. Mkeo aliweka kiganja chini ya unyayo wa kila mmoja, kama ulivyofanya wewe, akakutajia. Mdadisi, shibiri na vidole viwili. Kibogoyo, shibiri kavu. Na mkeo naye, shibiri na vidole vitatu.

"Kibogoyo amefika hapo?" ukashangaa. "Nimekaa huku muda gani? Na wewe mguu umeongezeka?"

"Umevimba kwa kukungoja."

Rula ya Mdadisi ilikuwa ndani ya begi, hatua nne kutoka pale walipoketi. Hakuna hata mmoja aliyeikumbuka.

Wiki tatu baadaye dereva wa lori la vitunguu alisimama kwenye bomba akauliza nyumba ya Fundi. Mfuko ulinuka gundi na vitunguu pamoja. Kila jozi ulikuwa umeifunga gazeti, jina limeandikwa kwa penseli. Uzi mara mbili, visigino vimeng'arishwa. Kibogoyo alitumbukiza miguu, akaondoka mbio, viatu vikabaki nyuma vimesimama.

"Bibi," akasema, "babu amemshonea Kibogoyo wa mwakani."

Mdadisi vyake vilimchezea kama mchi ndani ya kinu. Vya binti yako tu ndivyo vilivyoenea. Mkeo alivaa vyake polepole, akiomba, vikamzidi kwa upana wa kidole na zaidi.

"Mama, mwambie," binti yako akasema. "Ngozi anazo, atapunguza. Si jambo kubwa."

"Mtu anayelia kwamba anasahau," mkeo akamjibu, "humwambii amesahau."

Akachukua vitambaa vya mabaki kwenye cherehani ya binti yako, akavisokomeza kwenye ncha za viatu, akawaonya watoto. Saa saba ikafika.

"Vimewakaa?" ukauliza, na tulisikia kwamba jibu unaliogopa.

"Vimetukaa kama tumezaliwa navyo."

"Weka simu chini. Tembea nikusikie."

Hilo hakulitarajia. Aliiweka simu sakafuni, akatembea kutoka mlangoni hadi mezani, mezani hadi mlangoni, amekaza vidole vya miguu kama mtu aliyebeba mtungi kichwani. Mdadisi aliziba mdomo kwa mikono miwili. Kisha ukasema, "Sawa. Sawa, mama watoto." Ukaomba upitishwe, na siku ile ukawa unatangulia wewe: kinyozi, seremala, mashine, ukuta. Hukukosea hata nyumba moja. Sisi tukatazamana, tukajua tumekuweza.

Amri ilipolegezwa ulirudi na basi la kwanza, umekonda, ndevu zimekupita adabu. Ulinawa mikono kwenye beseni la mlangoni mpaka kwenye viwiko, kama ilivyoagizwa. Wajukuu walikuwa wanarukaruka. Wewe uliwapita ukaenda kwa mkeo, ukamshika mkono mbele za watu, wewe ambaye hukuwahi, ukakiweka kiganja chako juu ya chake. Vidole vyako vilivipita vyake kwa pingili nzima.

"Miaka thelathini na minane nimeushika mkono huu," ukasema, "halafu vipimo vyake nikavikatia kwa wangu."

"Kumbe ulijua?"

"Kiatu kikienea, kisigino kinapiga mara moja. Chako kilikuwa kinapiga mara mbili."

"Mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukusema?"

Kibogoyo ndiye aliyejibu. "Mimi nilitaka kusema, babu, bibi akanifinya."

Baadaye, watoto walipotulia, ulimwambia sababu. Mle chumbani kwa miezi ile ulisikia nyayo za mlinzi tu, na za watu wasiokuhusu wakipita nje ya ukuta. Mkeo alipotembea na vile viatu vibaya ulijua wapi alipogeuka kwenye meza, na wapi alipopita kwenye lile tofali la sakafu linalocheza. Ukaiona nyumba nzima. "Kama vingekuenea," ulisema, "ungepita kimya nisingeona kitu."

Kibogoyo akakua akavifikia viatu vyake, akavipita. Mdadisi vivyo hivyo, vyake vimekwisha kuvaliwa na watoto wengine wawili wa mtaani. Mguu wa mtu mzima haukui. Mkeo peke yake ndiye aliyebaki na kiatu cha mkono wako. Ulimwahidi jozi nyingine, wiki ijayo, mwezi ujao, wateja wakipungua. Wateja hawakupungua. Mfinyanzi hulia gaeni, alikuwa akikutania, na wewe ulicheka na msharasi wako mdomoni, ule wa kutobolea ngozi, ukamtia hofu kila siku kwamba utaumeza.

Mwaka huu umekuwa mrefu, Fundi. Binti yako amerudi na watoto wake karibu na kazi yake. Anapiga simu kila jioni, watoto wanaongea wote kwa pamoja hata haieleweki nani kasema nini, na tunashukuru. Lakini saa saba simu hailii. Tulidhani ile miezi mitano ilitufundisha kukaa bila wewe. Haikutufundisha lolote, kwa sababu wakati ule ulikuwa mahali fulani, na ulikuwa unauliza habari za kufuli.

Kufuli tumelipaka mafuta. Kinyozi bado yupo na kiti amekigeuza kinatazama barabara. Mashine ya kusaga inanguruma, vikombe vinagongana. Mwalimu mstaafu alikuja na kikapu cha mapera akasema hawa ndege wako sasa wamekuwa wakubwa, hawaji tena, na yanaoza chini.

Mwezi uliopita binti yako alikuja, akaviona vile viatu vyeusi chini ya kigoda. Akasema atavipeleka kwa fundi mwingine vipunguzwe, mama asije akajikwaa. Mkeo alimshukuru, akavisogeza kwa mguu nyuma ya kigoda. Hakumwambia kwa nini. Tunakuambia wewe.

Kila siku ikifika saa saba anavitoa vile vitambaa kwenye ncha. Anavaa, anatoka mlangoni mpaka mezani, anageuka, anapita kwenye tofali linalocheza, anarudi. Anatembea taratibu ili asikie vizuri. Kisigino kinapiga mara mbili. Pigo la kwanza ni lake. La pili anakuachia wewe.

Unakumbukwa na mkeo. Na binti yako mshonaji. Na wajukuu zako Mdadisi na Kibogoyo, ambaye meno yameota na jina limekataa kutoka. Na rafiki yako wa karakana. Na mlinzi wa korido, aliyetuma salamu na kusema hajapata mwingine wa kulishana naye kama paka. Na mtaa wote, kutoka kwenye ngazi zetu tatu hadi kibandani kwako, bila kumruka mtu.

Ukitusikia tunapita, jua bado tunakukumbuka, na ndivyo itakavyokuwa daima.