Kijiti Kinahamia kwa Nguzo

Jumatatu, 16 Juni

Nimefagia darasa, nimefuta kompyuta. Malori ya pamba yanapita tangu alfajiri, kila kitu kina utando mweupe. Vijana wako somo la kwanza. Kijiti kinafunguka hata kwenye mashine zetu kuukuu. Nguzo, kile kiunzi kikubwa ambacho watu hutengenezea tovuti, kinazigandisha. Kijiti ni toleo lake jepesi la wanaoanza. Nakitunza peke yangu, hapa Bariadi, nyuma ya duka la vitenge la Mzee Saidi.

Leo Neema, anayeongoza Nguzo kule Dodoma, ameniandikia. Wamekubali. Kijiti kiingie ndani ya Nguzo, kiwe mlango wa wanaoanza. Mwanafunzi atapakua kipande chepesi tu, mengine baadaye akiyahitaji. Toleo jipya linatoka Jumamosi.

Nimefurahi kupita kiasi. Malalamiko ya wote wanaotumia Kijiti, kila siku, najibu mimi tu. Nimechoka.

Jumanne, 17 Juni

Nimeunganisha. Majaribio kwangu kijani tupu, yote yamepita. Kwa Neema, nyekundu. Anasema salamu ya somo la kwanza inagoma. Nimerudia mchana, vijana wakishatoka. Kijani.

Ninamwamini na simwamini.

Alhamisi, 19 Juni

Bado. Asubuhi akiingia ofisini Neema anajaribu, inagoma. Mchana najaribu mimi, inapita. Nimesoma msimbo mpaka macho yanawasha. Bando nalo limekata.

Neema hakuzunguka: kisipopita kesho, Nguzo itatoka bila Kijiti, na Kijiti kitafungwa. Hakuna wa kutunza viwili. Ana haki. Nimemkasirikia hata hivyo.

Mwanafunzi wangu Nkwimba amehama kwao Mwandoya kuja kujifunza hapa. Kwenye mashine zetu hizi, bila Kijiti, atajifunza nini? Naogopa.

Ijumaa, 20 Juni

Nimewahi, saa moja asubuhi. Nkwimba alikuwa ameshakaa. Kafungua somo la kwanza, lile nililounganisha. Ukurasa unaangalia saa, unakusalimia kwa Kisukuma. Ukamwandikia: Mwadila. Salamu ya mchana na jioni!

"Ticha, jua limeshazama?" Akacheka mpaka akashika meza.

Nikacheka naye. Halafu nikatazama saa ya mashine.

Kijiti nilikiandika kwa saa zetu. Jua likitoka, saa moja. Wala sikufikiri, nani huku anaanza kuhesabu siku watu wakiwa wamelala? Nguzo inaanza usiku wa manane. Asubuhi hii imesema saba, Kijiti kikaelewa saa saba mchana. Nami nikijaribu mchana, inatoka salamu ile ile ya mchana, kosa halionekani. Siku zote hizi! Zuzu mimi.

Nimeweka kigeuzi kidogo cha saa, nikamtumia Neema. Kijani. Akapiga simu papo hapo. Nikamuuliza mbona hakuona kwamba asubuhi anasalimiwa ya jioni.

"Dada yangu, mimi Mgogo. Mwadila naijulia wapi?"

Tumecheka kama wendawazimu. Amesema kigeuzi kisikae kwa wanaoanza tu. Kitaingia Nguzo nzima, kila anayetaka saa za Kiswahili azipate. Nilipokata simu nikalia kidogo. Mzee Saidi amechungulia, ameona, akaniagizia chai.

Jumapili, 22 Juni

Toleo lilitoka jana. Kijiti kimo. Nimelala mchana mzima.

Jumatatu, 23 Juni

Nimefagia. Nimefuta utando wa pamba. Vijana wamefungua somo la kwanza, ndani ya Nguzo, kwenye mashine zile zile. Hakuna iliyoganda. Mwangaluka, zimesema, salamu ya asubuhi, moja baada ya nyingine. Nkwimba akaitikia kwa sauti ndogo, "Mwangaluka," kana kwamba kasalimiwa na mkubwa wake.

Malalamiko yameingia asubuhi. Nilipofungua nijibu, mtu wa Dodoma alikuwa ameshajibu. Nimekunywa chai yangu ingali moto.