Mwambie Baba Koti Lile ni la Dukani

Kariakoo, Dar es Salaam

Dada yangu Somoe,

Shikamoo. Ukishaitikia, ingia ndani usome peke yako mpaka mwisho, na baba akikuuliza ni barua ya nani mwambie ya mchumba. Hatakuamini, lakini atanyamaza. Mimi ni mzima, nakula nashiba, nalala Buguruni chumba cha watu wanne, na sura inazidi kung'aa, sijui nifanyeje. Nyie je? Kifua cha mama kimetulia? Na mguu wa baba ukoje? Kile kidonda cha kisiki cha mkorosho kimefunga, au bado kinatoa maji?

Dada, baba aende hospitali. Asisubiri sikukuu ya Idi, asinisubiri mimi. Aende siku hiyohiyo utakayosoma barua hii. Nakueleza sababu, na naomba usiruke mstari hata mmoja, maana nakujua, shuleni ulikuwa unasoma mwanzo na mwisho halafu unajifanya umemaliza kitabu.

Ile picha niliyotuma kwenye simu ya jirani, mimi na koti jeupe na ule mpira wa kusikilizia moyo shingoni, chini nikaandika "Nipo kazini", sikudanganya. Nilikuwa kazini. Ila kazi yenyewe ni kuuza nguo. Duka la tajiri yangu, Mama Rahma, linauza nguo za watu wa kazi: overoli za mafundi, sare za walinzi, aproni za wapishi, makoti ya hospitali. Lile sanamu la plastiki la kuvalishia nguo nje ya duka lilivunjika mkono, basi Mama Rahma akanitazama juu mpaka chini akasema, "Issa, wewe una mabega." Tangu siku hiyo sanamu ni mimi. Kila asubuhi navalishwa nguo mpya na lebo yake, nasimama barazani, naita wateja. Mtaa mzima hakuna anayeuza kama mimi. Uliza yeyote.

Mwanzoni nilicheka sana. Nikivaa overoli, watu wananipigia mluzi: we fundi, njoo uangalie pampu. Nikivaa sare ya mlinzi, wamachinga wa mbele yetu wanaanza kukunja turubai zao kabla sijafungua mdomo, na mimi ndiye niliyekula nao mihogo jana yake. Kuna mama mmoja ana duka la vitenge jirani. Siku ya overoli alinifukuza kwenye ngazi yake, eti namchafulia. Siku ya koti jeupe, mama yuleyule, ambaye ni rika la mama yetu, akaniita dokta, akaniletea kiti, akaanza kunieleza presha yake. Nikakaa, Dada. Nikamwambia apunguze chumvi. Mimi wa kidato cha pili, tena cha pili chenyewe sikukimaliza, na akanishukuru.

Utamu ule ndio ulionifanya nipige picha. Baba alipoipeleka msikitini akawaonyesha wenzake, nikasikia raha. Aliponipigia kuniuliza kuhusu mguu, nikakohoa kidogo kama wanavyokohoa wao, nikamwambia, "Osha na maji ya chumvi baba, nitakuja Idi kuutazama mwenyewe." Hiyo ni wiki ya tatu sasa.

Sasa sikia yaliyotokea juzi. Ilikuwa mchana, jua la utosi, nimevaa koti jeupe. Mzee mmoja anayevuta mkokoteni akapita mbele ya duka na marobota ya mitumba. Anapita kila siku, fulana yake ina matobo mpaka unaweza kumhesabu mbavu. Akayumba, mkokoteni ukamtoka, akaanguka chini palepale kwenye vumbi. Anatetemeka, jasho linamtoka kama kamwagiwa maji, anaongea maneno yasiyoeleweka. Watu wakajaa. Mmoja akasema gongo hiyo, mwingine akasema hawa wavuta mikokoteni ndiyo zao, toka asubuhi. Halafu nikasikia sauti nyuma, "Dokta si huyu hapa?"

Wakanishika mikono wakanivuta katikati. Nikageuka kumtafuta Mama Rahma, alikuwa ghalani. Watu wote wananitazama mimi. Nikachuchumaa nikamshika mzee kifundo cha mkono kama nilivyoona kwenye tamthilia. Sikusikia kitu, nadhani nilishika upande usiokuwa wenyewe. Nikamfungua jicho. Jicho likanitazama. Na mimi, Dada, badala ya kusema sijui, nikasimama nikakung'uta koti lisichafuke maana halijauzwa, nikasema:

"Amelewa. Mwacheni alale, atazinduka."

Basi ikawa imekwisha. Watu wakaanza kutawanyika. Mwingine akamruka mzee akaendelea na safari zake. Neno moja tu, na wote wakatulia roho.

Aliyekataa ni Mama Neema, mama lishe anayepika chai na chapati kwenye kichochoro chetu. Alikuja mbio na aproni yake nyeusi kwa masizi, mkononi ana chupa ya soda. Kijana mmoja akamzuia. "Mama, rudi kwenye masufuria yako, daktari kashasema." Mama Neema akamwambia huyu mzee hajawahi kunywa pombe, anamfahamu, ana sukari, na leo hakula, imemshuka. Kijana akacheka, akamshika mkono asipite. Mama Neema akaacha kubishana naye. Akanitazama mimi juu ya bega la yule kijana, na yeye ananijua vizuri, kila asubuhi ananimiminia chai.

"Issa," akasema, "waambie."

Nikawaambia mimi siyo daktari. Wakadhani natania. Nikasema tena, mmoja akacheka kabisa, eti dokta ana maneno. Ndipo nikalivua lile koti palepale, nikawaonyesha lebo inaning'inia kwenye kwapa. Chini nina ile fulana ya kampeni iliyokatika shingo. Ungeona macho yalivyobadilika. Mtu yuleyule, kasimama palepale. Kijana akamwachia Mama Neema akanikamata mimi mkanda wa suruali. Tapeli huyu. Tena wa dawa feki, mpekueni. Ngumi moja ikanipata sikioni, sijui ilitoka wapi, nikaona nyota mchana. Mtaa huu unaujua kwa kusikia, likishatajwa neno mwizi hakuna anayeuliza kaiba nini. Niliogopa, Dada. Wewe tu ndiye ninayekwambia.

Mama Neema hakuwa na habari na mimi. Alimkalisha mzee, akamwegemeza kwenye gurudumu, akampa soda fundafunda, akimsubiri ameze kwanza ndipo ampe tena. Mama Rahma naye akatoka ghalani anapiga kelele kwamba huyo ni mfanyakazi wake, lakini mkanda haukuachiwa. Uliachiwa pale mzee alipoinua kichwa akauliza marobota yake yako wapi. Watu wakaguna, wakaondoka mmoja mmoja. Hakuna aliyenitazama usoni, na mimi sikumtazama mtu.

Mama Neema alipokwisha kumpandisha mzee bajaji kwenda zahanati, nilikwenda kukaa kwenye benchi lake. Nikamweleza habari za baba ili nijisikie nafuu, kumbe nimejitafutia. Akaniuliza kidonda kina muda gani. Wiki tatu. Akauliza, anakunywa maji sana? Nikakumbuka baba alivyolalamika kwenye simu kwamba mtungi hauishi kukauka na kwamba anaamka mara nne kwenda uani. Nilimtania, nikamwambia ni uzee. Mama Neema akaweka kijiko chini. Akasema mama yake mzazi alianza hivyohivyo, wakaosha kwa maji ya chumvi, na mguu wakauacha hospitali. Baba apimwe sukari na kidonda kitazamwe. Zaidi ya hapo hakusema, akaendelea kusukuma chapati.

Nimepiga simu mara tatu, na yako wewe iko kisimani inaongea na vyura. Jirani akaweka spika kama kawaida yake. Nikasema, "Baba, mimi nauza nguo, siyo daktari, nenda hospitali." Nikasikia baraza zima linacheka. Baba akasema, "Haya dokta, tumekusikia, nakungoja Idi," akakata. Miaka yote nimewatania, leo nasema kweli hakuna wa kunisikiliza. Ndiyo maana naandika. Barua hii nampa konda wa basi la Newala, aikabidhi kwako mkononi.

Msomee baba yote, hata pale pa aibu. Akikasirika mwache akasirike, mradi anavaa viatu. Akicheka tena, Dada, basi usibishane naye: mwambie daktari wake ameamuru aende leo. Kwa koti lile atatii. Najua ni uongo, na nitakuja kuufuta mwenyewe mbele ya wazee wote wa msikiti, mmoja mmoja. Lakini kwanza afike.

Msalimie mama, mwambie sikio lina uvimbe kidogo tu. Nisalimie shangazi anayesuka mikeka, na shemeji, huyo mchumba wako, mwambie ndiye atakayempakia baba kwenye pikipiki, aendeshe taratibu kwenye makorongo. Jirani mwenye spika naye msalimie, leo namhitaji: mkishafika hospitali anipigie, aniambie walichosema. Nitakuwa nimesimama barazani na simu mkononi, nguo yoyote nitakayokuwa nimevalishwa.

Mdogo wako anayekuheshimu, ingawa huonyeshwi,

Issa, muuza nguo